"Utaniandika fasi gani?" Mwana Kupona, kitabu cha 1934, na koko yangu wa Masisi

Leo mniruhusu nitoke kidogo mu mambo ya mihogo na mbolea. Nataka niwaandikie historia ya kitabu kimoja. Ni kitabu kidogo, cha shairi la mwanamke, na chapa yake ya zamani ni ngumu kuipata: imelala mu maktaba kubwa za mbali, wengi wetu hatutaishika mkononi. Lakini nitaanzia shambani, juu ni shamba lililonituma kukitafuta.

Mnakumbuka namna tulivyohangaika na memuar mwaka wa mwisho wa lisansi. Mimi nilichagua maharagi. Nilipanda mlima kwa koko yangu, mama ya baba, mu Masisi, nikiwa na daftari, kalamu mbili na mizani ndogo ya kuazima. Koko akatandika mkeka mbele ya nyumba, akamwaga mbegu zake, akaanza kuzitenga kwa vidole. Aina kumi na moja. Kila aina ilikuwa na jina, na kila jina na historia yake. Hii nilipewa na shangazi siku ya kuolewa. Hii ilikuja mwaka wa njaa. Hii ni ya miti, inapenda kule juu kwenye baridi, usiishushe bondeni. Hii usiuze hata wakikupa pesa gani, ni ya mzazi, unampikia mama mwenyi kuzaa.

Na katikati ya mbegu alikuwa ananipa mashauri: juu ya bwana nitakayeolewa naye, juu ya jirani, juu ya deni, juu ya mtoto mkaidi. Alikuwa anatoka kwa maharagi anaingia kwa maisha, anarudi tena kwa maharagi, kama vile vyote ni kazi moja.

Mimi niliandika nini? Rangi. Umbo. Uzito wa mbegu 100. Siku za kukomaa. Koko hakujua kusoma, lakini macho yake yaliona kalamu inatembea wakati gani na inasimama wakati gani. Akaniuliza:

"Unaandika maharagi tu? Na mie, utaniandika fasi gani?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Koko, hii ni kazi ya masomo." Akacheka naye, akaendelea kutenga.

Mu memuar yangu koko ni "mhojiwa nambari 14". Asistanti alitufundisha vile, na mu sayansi iko sababu nzuri ya kuficha majina ya watu. Nilitetea, nikapata distinksio, tukanywa soda. Hakuna mtu aliuliza nambari 14 ni nani. Kisha 2024 vita vikafika kule kwetu. Koko alikimbia na nguo ya mwilini na sufuria moja. Mbegu zilibaki nyumbani. Alikufa mu kambi pembeni ya Goma, kabla ya kuona tena mlima wake. Leo niko na uzito wa maharagi yake. Maneno yake sina, ila vipande.

Njo maana lile swali halinitoki: fasi gani? Nikaanza kutafuta wanawake wa zamani waliandikwa fasi gani, na nani aliwaandika.

Mfano wa kwanza niliokutana nao uko mbali sana na sisi. Anne Bradstreet alizaliwa Uingereza, akahamia Massachusetts mwaka 1630, akiwa bado msichana mdogo aliyeolewa. Alilea watoto wanane mu nchi mpya ya baridi na usiku alikuwa anaandika mashairi. Shemeji yake akachukua maandiko hayo, akaenda nayo London, na mwaka 1650 yakatoka kitabu bila mwandishi kuulizwa. Juu ya ukurasa wa kwanza jina lake halikuwekwa. Liliandikwa tu kwamba ni mwanamke wa heshima wa pande zile za Amerika. Yeye mwenyewe baadaye aliandika shairi akikisema kitabu chake kama mtoto aliyetolewa mbele ya watu na nguo za kuraruka. Alianza kukisahihisha, lakini alikufa mwaka 1672. Chapa iliyosahihishwa ilitoka Boston mwaka 1678, miaka sita kisha kifo chake. Leo ile chapa ya 1650 ni mali adimu, watu wanaitunza kama dhahabu. Lakini fikirini: chapa inayotafutwa zaidi ni ile ambayo mwenyewe hakuitaka vile.

Nikajiuliza: na sisi tunaosema Kiswahili? Wa kwetu ni nani?

Kwa karne ile ya kumi na saba sikupata mwanamke mwenye kitabu. Hata tendi za wanaume zenye tarehe zinaanza kuonekana vizuri karne iliyofuata. Utendi wa Tambuka, ambao Bwana Mwengo aliutunga kwenye kisiwa cha Pate, ni wa mwaka 1728. Lakini kisiwa kile kile, miaka 130 baadaye, kilitoa mwanamke ambaye kila mtu anayesoma fasihi ya Kiswahili lazima apite kwake. Ni Mwana Kupona binti Msham.

Mama mgonjwa, mwaka 1858

Pate iko kaskazini ya pwani ya Kenya, karibu na Lamu. Mwana Kupona alizaliwa huko, akaolewa na Bwana Mataka, mkubwa wa mji wa Siyu mu kisiwa kile kile. Bwana Mataka hakuwa mtu wa kukaa kimya. Kwa miaka mingi Siyu ilipinga utawala wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, na jeshi la sultani halikupata rahisi pale. Kwa hiyo tusimwaze Mwana Kupona kama mwanamke wa kukaa kivulini na kunusa asmini tu. Aliishi mu nyumba ya vita. Sisi wa Masisi na Walikale tunajua nyumba ya vita namna inavyolala: sikio moja liko nje.

Bwana Mataka alikufa mwaka 1856. Mjane akabaki na watoto. Binti yake, Mwana Hashima, alikuwa na umri wa miaka kama 17, umri wa kuolewa. Na mama alikuwa mgonjwa. Mu shairi lenyewe anasema ugonjwa umemshika mwaka mzima, hata hakupata nafasi ya kukaa na binti na kumwambia neno jema. Basi anamwita asogee karibu, alete wino na karatasi, aandike wasia wa mama.

Hapo nilisimama kusoma. Koko yangu na Mwana Kupona waliomba kitu kimoja. Tofauti ni kwamba Mwana Hashima alileta wino kwa ajili ya mama. Mimi nilileta kwa ajili ya maharagi.

Utendi ule wa 1858 uko na beti kama mia moja na mbili. Namna yake wale waliosoma Kiswahili wanaijua: kila ubeti vipande vinne, kila kipande mizani nane, vitatu vya kwanza vinakubaliana kwa sauti, na cha nne kinarudi kwenye sauti moja toka mwanzo hadi mwisho. Si urembo tu. Ukisahau neno, ile sauti ya mwisho inakurudisha njiani. Ni kama kamba ya kupangia mistari shambani, hata usiku unajua mstari unaenda wapi.

Ndani yake muko nini? Mwanzo ni dini na adabu: kumcha Mungu, kuwa na ulimi mzuri, kutoingia mu masengenyo, kumheshimu kila mtu. Kisha inakuja sehemu iliyomfanya ajulikane, juu ya bwana: kumtunza, kumfurahisha, kuweka nyumba na mwili safi. Kisha anakumbuka ndoa yake mwenyewe na Bwana Mataka, namna walivyoishi hadi kifo kikawatenga. Anamkumbusha binti masikini wasisahauliwe. Na sehemu kubwa ya mwisho ni dua: anawaombea watoto, anajiombea mwenyewe. Mbele ya kufunga, anawaita wanawake wote wasome.

Sehemu ya bwana imeleta mabishano mingi. Kuna wanaosema: huyu mama anamfundisha binti utumwa. Kuna wanaosoma kwa jicho lingine. Mwaka 1991 Ann Biersteker aliandika kwamba shairi hili lisomwe tena, kwamba ndani ya mashauri hayo muko mambo ya uwezo na lugha, si utii tu. Kwa mfano, Mwana Kupona anamwambia binti amtunze bwana kama mtoto asiyejua kusema. Mimi nilipokisoma kipande hiki nilicheka peke yangu. Ni nani mkubwa hapo, anayelea au anayelelewa? Koko naye alikuwa anasema maneno ya namna hiyo, na uso hauonyeshi kama anacheza au anasema kweli. Sitakata shauri hili hapa. Ninasema tu kwamba mama anayemwandalia binti njia mu dunia ya wanaume wenye bunduki hana nafasi ya kusema kila kitu wazi.

Mwana Kupona alikufa karibu mwaka 1860. Hakuona shairi lake likichapwa.

Medstead, 1934

Sasa tuje kwa kitabu. Shairi lilianza kuzunguka kwa mkono, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, mu Kiswahili cha Lamu. Mtu anaazima, ananakili, anarudisha. Mu Lamu alikuwako mwandishi stadi, Muhammad Kijuma, mchonga mbao na mtunzi, ambaye alinakili tendi mingi na kuwapatia wageni waliozitafuta. Mmoja wa wageni hao alikuwa Alice Werner, mwanamke msomi aliyefundisha Kiswahili London hadi akawa profesa. Mwaka 1917 alitoa utendi wa Mwana Kupona mu jarida la masomo ya Afrika la Harvard, Marekani. Hapo shairi lilikuwa makala kati ya makala, mu buku zito la wasomi.

Kisha, mwaka 1934, Werner na mwenzake William Hichens wakalitoa kama kitabu chake chenyewe. Kilichapwa na Azania Press, mu Medstead, kijiji cha Hampshire, Uingereza. Si Lamu, si Mombasa, si Nairobi. Shairi la mama wa Pate lilipata jalada lake mu kijiji cha Waingereza. Njo ile chapa adimu niliyoitaja pale mwanzo. Mwaka uliofuata Werner alikufa.

Na juu ya jalada wakaandika kichwa: *The Advice of Mwana Kupona upon the Wifely Duty*. Maana yake ni shauri la Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke.

Tuwe watu wa haki. Jina lake waliliweka, tena kubwa, si kama wale wa London mwaka 1650. Werner na Hichens walifanya kazi ya miaka, na bila wao pengine wengi wetu wa bara tusingemjua. Ninawashukuru. Lakini angalieni kile kichwa kilichofanya. Ugonjwa wa mwaka mzima, kilio cha ndoa, masikini wa mlangoni, dua ndefu ya mama anayekufa, mwito kwa wanawake wote wasome, vyote vikaingia mu gunia moja lililoandikwa "wajibu wa mke". Mtu akisoma jalada tu anajua, au anadhani anajua. Na watu mingi tunasoma jalada tu.

Mimi siwezi kuwatupia jiwe. Memuar yangu iko na kichwa cha mistari mitatu juu ya sifa za aina za maharagi, na mashauri ya koko hayamo hata mu nyongeza.

Kitu kingine nilichojifunza: kitabu cha Medstead kilikuwa adimu, lakini shairi halikuwa adimu hata siku moja. Wakati Waingereza wanapanga kurasa, Lamu shairi lilikuwa mu vinywa. Mwana Hashima mwenyewe, yule binti aliyeitwa alete wino, aliishi hadi uzee mkubwa, mu miaka ya 1930. Wanawake walilikariri, walilisomea mabinti. J.W.T. Allen alilitia tena mu kitabu chake *Tendi* cha mwaka 1971. Na mwaka 1972, Nairobi, likatoka mu kitabu cha shule mikononi mwa Amina Abubakar Sheikh na Ahmed Sheikh Nabhany, watu wa lugha yenyewe, na jina la mwanamke kati ya waliolihariri.

Sisi wa kilimo tunajua sheria hii. Mbegu unayoifungia mu chupa moja, panya akiingia au moto ukiwaka, imekwisha. Mbegu unayompa jirani, na jirani akampa dada yake wa ngambo ya mto, hiyo ukiikosa nyumbani unajua pa kwenda kuiomba. Mwana Kupona aligawa. Koko yangu naye aligawa maharagi, na kweli juzi nimekuta aina zake mbili kwa mama mmoja pale Sake. Lakini maneno yake aliyagawa kwa nani? Kwa mimi. Na mimi niliyaacha chini ya mkeka.

Na Walikale?

Mtu ataniambia: dada, hayo ni mambo ya pwani, sisi watu wa msitu hatukuwa na wino. Mimi mama yangu ni Munyanga wa Walikale, basi nitajibu na ya kwetu.

Mwaka 1956 Mbelgiji Daniel Biebuyck alikaa Walikale akimsikiliza mzee Candi Rureke, aliyejua kuimba na kusimulia karisi, ile hadithi ndefu ya mashujaa wa Banyanga. Siku 12 mzee alisimulia, akaimba, akacheza, watu wakiitikia, na wenye kuandika wakiandika. Ilikuwa hadithi ya Mwindo, mtoto ambaye baba yake, Shemwindo wa Tubondo, hakumtaka juu alikuwa kijana mwanamume. Mwaka 1969 ilitoka kitabu California, kimetayarishwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, Munyanga, mtoto wa kwetu aliyesoma mambo ya lugha. Jina la Rureke liko ndani. Leo Mwindo anasomwa mu universite za dunia. Sisi wenyewe, ni wangapi tumemsoma?

Mu hadithi ile, anayemwokoa Mwindo, anayesimama kati yake na baba yake, ni shangazi Iyangura. Mkutano ukikosa Iyangura, hakuna amani Tubondo. Lakini sauti iliyoandikwa ni ya mzee mwanaume, na haikuwa kosa lake, alisema kile alichojua. Wakina Iyangura wenyewe, mama zetu na koko zetu wa Masisi na Walikale, walikuwa na tendi zao za mkeka, za mtoni, za usiku wa kumfunda bibi-arusi. Daftari zilizopita kwao zilikuwa za sensa, za chanjo, za msaada wa chakula, na za memuar kama yangu. Zote zilihesabu.

Vita vinachoma nyumba, kila mtu anajua. Lakini tuseme ukweli, maneno ya koko yangu hayakuchomwa na vita. Yalipotea siku ile ya jua, mu amani, mtu mwenyi kalamu akiwa ameketi mbele yake.

Basi nilifanya hivi. Nilichukua nakala yangu ya memuar, nikafungua ukurasa wa jedwali la wahojiwa, na pale kwenye nambari 14 nikaandika jina la koko kwa kalamu, lote, na jina la baba yake na la mlima wake. Hapa silitaji, juu wajomba na baba waliniomba lisubiri hadi tumalize mambo ya matanga. Kisha nikanunua daftari mpya nikaandika kila ninachokumbuka. Mu majina kumi na moja ya maharagi, nimekumbuka manne. Shangazi yangu akaniongezea mawili kwa telefone. Mu mashauri, nimekumbuka haya: deni la chumvi lipa kabla ya deni la pesa, juu la chumvi utaliomba tena kesho. Bwana akirudi na hasira, mpe maji kwanza, maneno baadaye, na kama hasira ni ya mkono, usingoje maji yachemke, rudi kwenu. Mbegu ya kupanda usiiweke mu gunia moja na mbegu ya kula, njaa haina macho.

Ni kidogo. Lakini ni yake.

Ndugu na dada, wengi wetu tuko na memuar mu sanduku au mu telefone, za maharagi, za ndizi, za ng'ombe, za udongo. Ndani yake muko wahojiwa. Kama nambari yako 3 au 27 ni mama au koko ambaye angali hai, mpigie leo. Mwombe ruhusa, maana si kila neno ni la kutoa nje. Mwulize pia kichwa cha habari angetaka kiwe nini, usimchagulie wewe. Na kama shangazi yako wa Masisi au wa Walikale anajua maharagi madogo ya rangi ya udongo mwekundu, ya kupikia mama mwenyi kuzaa, mwulize yanaitwaje. Ni moja ya yale matano yaliyonibakia.